Fundi piano wa Samokov na wimbo usioimbwa na mtu mmoja

Saa moja asubuhi, korido za shule ya muziki ya Samokov, Bulgaria, bado zinanuka dawa ya kupigia deki. Mabomba ya joto, yaliyowashwa juzi kwa mara ya kwanza msimu huu, yanagonga ndani ya kuta. Katika chumba cha mwisho ghorofa ya juu, mwanamke mwenye sweta la kijani amevua viatu, amefungua piano kuukuu mbele na juu, na kichwa chake chote kimezama ndani.

Anabonyeza kitufe kimoja. Anasikiliza. Anakibonyeza tena.

Karibu kila noti ya piano ina nyuzi tatu za chuma zinazogongwa kwa wakati mmoja. Moja ikilegea hata kwa unywele, sauti huanza kuyumba: wau, wau, wau. Kazi ya Zdravka Pencheva ni kuufukuza myumbo huo. Anausukuma ufunguo wa kutyunia, yaani wa kukazia nyuzi, kwa mkono wa kulia, kidogo mno, kiasi ambacho jicho halioni, na myumbo unapungua mwendo, unarefuka, unalala, unakwisha. Kinachobaki ni sauti moja iliyonyooka.

"Huo umekufa," anasema, kama mtu aliyeua nzi. Anahamia noti inayofuata. Baada ya kitambo, akiwa bado ameinama, anaongeza jambo ambalo hakuulizwa.

"Kwetu huo ndio tuliokuwa tunautafuta."

Zdravka ana umri wa miaka hamsini na nane, na kwa zaidi ya nusu ya maisha yake amekuwa akizitunza piano za mji huu na miji ya jirani. Hana gari. Husafiri kwa basi hadi Dupnitsa, Ihtiman na Kostenets, na mkoba wa vifaa begani, bega ambalo sasa haliinuki vizuri wakati wa baridi. Anatoza leva sitini kwa piano moja. Kuna wiki anapata piano mbili, kuna wiki hapati hata moja, kwa sababu wazazi wengi siku hizi huwanunulia watoto vinanda vya umeme ambavyo havimhitaji fundi.

Kazi anaipenda, na hataki mtu amwelewe vibaya. Anasema piano ndiyo iliyomlisha, na mwanafunzi mzuri akipiga polepole kwenye piano aliyoitengeneza mwenyewe, huwa anakaa kwenye ngazi na kusikiliza mpaka mwisho, hata basi likimwacha. Mwalimu Ralitsa, anayefundisha piano shuleni hapo, anasema amewahi kumkuta pale akijifuta machozi.

"Nilimuuliza, shangazi Zdravka, kuna nini?" anakumbuka mwalimu huyo. "Akaniambia hakuna, ni safi mno tu."

Kijiji alikozaliwa Zdravka ni Krushovo Pole, mwendo wa nusu saa kutoka mjini, juu ya mashamba ya viazi. Huko wanawake huimba kwa sauti mbili. Mmoja huita na mwingine huvuta. Anayeita ndiye mwenye maneno na mwenye kupanda na kushuka. Anayevuta hukaa mahali pamoja, kwa pumzi ndefu, kama bomba la zumari ya mfuko wa ngozi linalolia chini bila kubadilika. Lakini hawakai mbali. Sauti ya anayeita huja kuilalia sauti ya anayevuta, karibu mno, karibu kiasi ambacho sikio lisilozoea hudhani mmoja wao amekosea.

Hapo katikati ndipo myumbo unapozaliwa. Wanawake wa Krushovo Pole huuita kengele. Wimbo ukiimbwa sawasawa, watu wawili hutoa sauti ya mtu wa tatu, inayotetema katikati yao kama shaba iliyogongwa.

Zdravka ndiye aliyekuwa akivuta. Aliyeita alikuwa dada yake, Lozanka, mkubwa kwake kwa miaka mitatu.

Mama yao, Bi Velika, aliwafundisha jikoni huku akichambua maharage. Aliwasimamisha bega kwa bega, vichwa vikigusana. Hakuwasifu wala hakuwakemea. Wakiimba ovyo, mikono yake iliendelea na maharage. Wakiipata kengele, mikono ilisimama.

"Tuliimba kwa ajili ya ile mikono tu," anasema Zdravka.

Katika familia yao kuna kisa kinachosimuliwa mpaka leo kuhusu mama wa bibi yao. Miaka ile nchi ilipotoka kwenye utawala wa Waturuki, walikuja walimu wa bendi kutoka kwa Wacheki, na mmoja wao alipanda hadi kijijini na kinanda kidogo cha kukanyaga kikiwa juu ya mkokoteni. Aliwaomba wanawake waimbe ili apate kuandika. Waliimba, naye akatafuta noti zao kwenye kinanda, akabonyeza kitufe cheupe, akabonyeza cheusi cha pembeni yake, akarudi kwenye cheupe. Mwishowe akacheka na kuwaambia kwamba sauti yao ya pili haina nyumba, maana inalala kwenye ufa.

Mama wa bibi alimjibu kwamba basi kinanda chake ndicho chenye ufa.

Kisa hiki huchekesha kila kinaposimuliwa, lakini Zdravka anasema alikielewa vizuri alipofika Sofia kujifunza ufundi. Mzee aliyekuwa akiwafundisha kwenye karakana, mtu mwenye subira, aliwaeleza kwamba sauti zikiachwa zilivyo katika maumbile, haziwezi kukaa zote ndani ya piano moja kwa amani. Ukizinyoosha hizi, zile zinachacha. Kwa hiyo watu wa Magharibi, baada ya kuhangaika kwa karne kadhaa na vinanda vya makanisani mwao, waliafikiana kumpunja kila mmoja kidogo. Hakuna noti inayopata haki yake yote, lakini hakuna inayoonewa sana, na unaweza kupiga wimbo wowote kuanzia popote.

"Nilimuuliza, na sisi tusiotaka kupunjwa?" anasema. "Akanijibu, nyinyi kaeni nje ya nyumba, mwimbe shambani. Hakuwa ananidharau. Alikuwa ananiambia ukweli."

Sali, mpiga klarineti Mroma anayepiga harusi nyingi za mji huu, ana maelezo mafupi zaidi. Yeye na Zdravka wamefahamiana tangu ujana, na hutaniana kila wanapokutana sokoni. "Noti yenu ile mimi naipata, shemeji," humwambia. "Naikunja kwa mdomo. Piano itaikunja na nini, maskini? Haina mdomo."

Jinsi Zdravka alivyofika karakana ndicho kisa chenyewe. Akiwa na miaka kumi na saba, walikuja watu kutoka Sofia kuchagua sauti za kikundi cha taifa cha nyimbo za asili. Mabinti wa vijiji vyote walipangwa foleni kwenye ukumbi wa utamaduni. Dada hawa wawili waliimba pamoja, wakasifiwa, kisha wakaombwa waimbe mmoja mmoja. Lozanka aliita peke yake na ukumbi ukanyamaza. Zamu ya Zdravka ilipofika, alivuta noti yake moja, mbele ya meza ya wageni, bila mtu wa kuita juu yake.

"Nilisimama pale kama ng'ombe anayelia," anasema, na hapa anacheka kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. "Mtu mzima ataimba noti moja mpaka lini?"

Walimwambia kwa upole kwamba sauti kama yake zipo tayari. Lakini mmoja wao aliona jinsi alivyokuwa akikunja uso kila piano ya ukumbini ilipoguswa, akamuuliza ana nini, akajibu kwamba noti ya tatu kutoka kushoto inaumwa. Mwezi uliofuata wasichana wote wawili walipanda basi moja kwenda Sofia. Mmoja alikwenda kuimba, mwingine kutyuni.

Lozanka alivalishwa mavazi yaliyotariziwa, akazunguka dunia mpaka Japani. Nyimbo alizoimba zilikuwa za kwao, lakini zilikuwa zimepangwa upya na watunzi waliosomea mambo ya Ulaya, kwa sauti nne na sita, nzuri kweli, zinazopanda kama ngazi za kanisa. Zdravka alinunua tiketi kila walipoimba mjini. Anasema alijivunia, na kila mara alitoka akiwa na njaa ambayo hakuwa na jina lake.

Nyumbani, wakati wa sikukuu, walisimama tena bega kwa bega jikoni. Mikono ya mama ilisimama. Iliwatosha.

Mambo yalibadilika baada ya serikali ya zamani kuanguka. Mshahara wa kikundi ukawa haununui kuni. Mwaka 2001 Lozanka, ambaye alikuwa ameachika na ana mtoto wa kiume wa kusomesha, alikwenda Uhispania kulea wazee. Aliahidi miaka miwili. Amekaa Castellón mpaka leo, kwa wazee mbalimbali waliofuatana, kila mmoja akifia mikononi mwake, na mwanawe amekuwa mhandisi huko huko na ameoa huko huko.

Zdravka hakuimba na mtu mwingine. Wanawake wa kikundi cha kijiji walimwita mara nyingi, akaenda mara mbili akaacha. Anasema si kiburi. Kila sauti ina mahali inapolalia, naye alikuwa amemzoea mmoja.

Mwezi wa pili mwaka huu Bi Velika alifariki, usingizini, akiwa na miaka themanini na tisa. Siku hiyo hiyo bibi wa Kihispania ambaye Lozanka anamlea, Señora Amparo, alikuwa hospitalini amevunjika nyonga, na familia yake ilikuwa haijafika kutoka ng'ambo. Lozanka hakuja mazikoni.

Alisema angeimba kwenye arobaini. Zdravka aliandaa ngano ya kuchemsha yenye sukari na jozi, akaita majirani, na baada ya kutoka makaburini aliegemeza simu kwenye chupa ya siki katikati ya meza. Uso wa dada yake ulikuwa pale, mdogo, umevimba kwa kulia. Lozanka akaita. Zdravka akavuta.

Sauti ilikuwa ikifika imechelewa kidogo, kiasi cha kupepesa jicho, lakini kiasi hicho kilitosha. Mmoja alikuwa nyuma ya mwenzake muda wote. Kisha Lozanka akanyamaza.

"Mbona umeacha, Zdravka?"

"Sijaacha, dada. Navuta."

"Sikusikii. Nawasikia wengine wakikohoa, wewe sikusikii."

Walijaribu tena, na tena ikawa hivyo hivyo. Mume wa Zdravka, Metodi, ambaye ni fundi umeme wa lifti za watalii mlimani Borovets, ndiye aliyegundua tatizo. Simu, alieleza, imefundishwa kuondoa kelele. Sauti yoyote inayokaa mahali pamoja bila kubadilika, iwe feni au injini, inaihesabu kuwa kelele na kuifuta. Maneno ya Lozanka yalipita. Noti ya Zdravka ilionekana uchafu.

Majirani walikula ngano wakaondoka. Metodi anasema mkewe aliosha vyombo vyote peke yake, akamkataza kumsaidia, na kuanzia siku hiyo hakumsikia hata akiimba chini kwa chini akiwa anapika.

"Nimeoa sikio," anatania Metodi, ambaye kwa kawaida haongei sana. "Nikishusha kikombe mezani ananiambia kina ufa. Lakini miezi ile alikuwa kama hasikii kitu."

Mwezi wa nane Lozanka alikuja. Alikuwa na wiki mbili, sanduku lililojaa mafuta ya zeituni, na nywele alizozipaka rangi ya shaba, ambazo Zdravka alizishika kwenye kituo cha basi kabla hata ya kumkumbatia. Walikwenda kaburini kwanza. Wakawasha mishumaa, wakang'oa magugu, wakakaa. Hawakuimba pale. Zdravka anasema kila mmoja alikuwa akimngoja mwenzake aanze.

Kesho yake, jikoni kwa mama yao, walisimama mahali pao pa zamani. Wimbo ulikuwa wa mavuno, wa msichana anayemwambia kaka yake kwamba jua limeshuka na shamba bado. Waliimba ubeti mzima. Metodi, aliyekuwa barazani, alipiga makofi. Ulikuwa umetoka vizuri, sauti mbili laini, zimekaa kama kwenye redio.

Kengele haikuwapo.

Walirudia. Walisogea karibu zaidi, vichwa vikagusana. Haikuwapo. Zdravka anakumbuka kwamba mezani kulikuwa na bakuli la maharage ambayo hakuna aliyekuwa akiyachambua, na wote wawili walikuwa wakilitazama.

"Umepanda," alimwambia dada yake.

"Mimi? Wewe ndiye umeshuka."

"Mimi nakaa mahali pamoja, dada. Kazi yangu ni kukaa. Nitashuka niende wapi?"

"Basi umekaa pabaya."

Walijaribu tena, na safari hii wote wawili walisikia kilichokuwa kikitokea. Sauti ya Lozanka ilipokaribia, haikuja mpaka kwenye ufa. Ilisimama hatua moja kabla, mahali pazuri, mahali pa piano. Miaka ya kikundi, na baadaye miaka ya kuimba Jumapili na kwaya ya parokia kule Castellón, ilikuwa imemfundisha kusimama pale. Lakini na Zdravka naye alikuwa akifanya jambo. Kila myumbo ulipotaka kuanza, koo lake lilisogea kidogo, bila yeye kutaka, na kuuzima.

"Sauti yako imepigwa pasi, dada," alisema Zdravka.

"Na wewe sikio lako limezoea kuua," alijibu Lozanka. "Kutwa unaua. Ulidhani jioni litakumbuka?"

Hapo Zdravka akasema neno ambalo anasema alikuwa amelishikilia tangu mwezi wa pili. Alimwambia dada yake kwamba angekuja kumzika mama, wangeligundua hilo mapema, mama akiwa bado hajafunikwa.

Lozanka alivaa viatu vya mama yao vya shambani, vilivyokuwa mlangoni, akatoka.

Kwa siku mbili walizungumza kuhusu chumvi, ndoo na hali ya hewa. Viazi vilikuwa tayari, na kwa sababu mikono ilikuwepo, waliamua kuvichimba. Metodi alibeba magunia. Lozanka alianza matuta ya juu, kwenye ua wa waya, Zdravka ya chini, kando ya barabara. Kati yao lilikuwa shamba zima.

Siku ya pili, kabla ya chakula cha mchana, Lozanka aliita.

Hakugeuka. Alikuwa ameinama, kisogo kwa mdogo wake, na alipaza sauti jinsi wavunaji walivyokuwa wakifanya zamani ili wa ng'ambo ya pili asikie, sauti kali ya kifuani isiyo na adabu. Zdravka anasema hakufikiri. Alikuwa bado na hasira. Alivuta akiwa na jembe mkononi, kwa nguvu zote, kama mtu anayemgombeza mwenzake.

"Niliisikia kwenye meno kabla ya kuisikia masikioni," anasema. "Kengele. Juu ya viazi, pale pale. Ilikuwa inatembea."

Walimaliza ubeti wa kwanza. Wakaimba wa pili. Metodi anasema alikuwa na gunia mgongoni, akaliweka chini bila kujua kwa nini, na gari la maziwa lililokuwa likipita barabarani lilisimama.

Kwenye ubeti wa tatu Zdravka alianza kusikiliza. Alitaka kuihifadhi, ajue hasa iko wapi, jinsi anavyojua mahali pa kila waya. Mara koo likasogea, na kengele ikazimika. Lozanka aliendelea peke yake mpaka mwisho wa mstari, kisha akaketi chini kwenye tuta.

Zdravka alipanda shamba lote mpaka alipokuwa. Walikaa pamoja, magoti yamejaa udongo.

"Nilimwosha Amparo siku ile uliyomzika mama," alisema Lozanka hatimaye. "Nilimwosha kama mama. Nywele nilimchana kama mama. Sikuwa na mwingine wa kumwosha, Zdravka."

Zdravka alimshika mkono wakakaa hivyo mpaka Metodi alipowaita kula.

Walijaribu tena kesho yake, palepale shambani, na siku iliyofuata. Haikurudi. Mara moja ilikaribia, wakaihisi kama chafya isiyotoka. Mwisho wa mwezi Zdravka alimsindikiza dada yake kituoni, na sanduku, safari hii, lilikuwa limejaa viazi. Lozanka amebakiza miaka mitatu kupata pensheni ya Uhispania, na akiondoka kabla ataipoteza. Mitatu si mingi, wanaambiana kwenye simu. Lakini sauti ya mwanamke wa miaka sitini na moja haiahidi kungoja.

Hapa shuleni, saa mbili imefika. Wanafunzi wanaanza kuingia, na kutoka vyumba vya chini anasikika mtoto akipanda na kushuka ngazi za noti. Zdravka anafunga piano, anaifuta vumbi, anavaa viatu. Ameulizwa anatarajia nini sasa.

Anajibu kwa kueleza simu aliyopigiwa wiki tatu zilizopita. Dada yake alikuwa akiosha vyombo kule Castellón, dirisha wazi, na bila kukusudia akawa anaimba ule wimbo wa mavuno, sehemu yake, peke yake. Señora Amparo alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu sebuleni. Hajui neno hata moja la Kibulgaria. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita Lozanka.

"Alimuuliza, na yule mwingine yuko wapi?" anasema Zdravka. "Dada akamwambia, mwingine nani, bibi? Akamwambia, yule unayemwachia nafasi."

Zdravka hajawahi kutoka nje ya nchi. Tiketi ya basi ameshakata, ya wiki ya mwisho ya Novemba, mwendo wa siku mbili kupitia Serbia na Italia. Metodi amemnunulia mto wa kuvaa shingoni. Señora Amparo ana piano ambayo haijaguswa tangu mumewe alipofariki, na familia yake imeomba, kwa kuwa fundi anakuja, aitengeneze.

Lozanka amekataa kwa niaba ya mdogo wake. Amesema itatengenezwa siku ya mwisho, saa ya mwisho, sanduku likiwa mlangoni. Kabla ya hapo fundi hataruhusiwa kuifungua. Nyuma ya mashamba ya michungwa kuna mto uliokauka, mpana, usio na nyumba karibu, na ameshakwenda kupiga kelele pale mara mbili kujaribu jinsi sauti inavyosafiri. Mmoja atasimama ukingo huu, mwingine ng'ambo.

"Huenda tusiipate," anasema Zdravka, akiutupa mkoba kwenye bega lisiloumwa. "Nimemwambia hivyo. Akaniambia, wewe njoo. Ukishafika ng'ambo ya pili, usinisikilize. Vuta tu."